"Ni ya Wanafunzi": Filamu Fupi na Sauti ya Watu wa Ziwa

Kuna maneno matatu ambayo huiua filamu kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kuanza: "ni ya wanafunzi." Ukiyasikia unajua unaombwa uvumilie. Picha itatikisika, upepo utameza maneno, na mhusika mkuu atakuwa shangazi ya mwongozaji. Na mara nyingi, tuseme tu ukweli, ndivyo inavyokuwa. Lakini kwetu Migori na Homa Bay filamu fupi ya mwanafunzi inabeba kitu kizito kuliko alama za darasani. Ili kukiona, inabidi turudi nyuma karibu miaka 90.

Mwaka wa 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na walioongoza kazi walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi ulipofungwa 1937, mradi huo ulikuwa umetengeneza filamu kama 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Zilihusu nini? Minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, kuweka akiba posta. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe. Ilitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa pembeni, maneno yakiwa yametafsiriwa kwa lugha za watazamaji.

Angalia mpangilio huo vizuri. Mwili wa Mwafrika uko kwenye picha, lugha yake iko kwenye santuri, lakini aliyeamua kinachosemwa ni mtu mwingine kabisa.

Mwaka wa 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa ameonyesha filamu za afya nchini Nigeria, na aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Kwa hiyo filamu zake zilienda polepole, bila mbinu nyingi, kana kwamba mtazamaji ni mtoto anayefundishwa kutembea. Mtoto wa Sori anayemaliza bando la siku kwenye TikTok kabla ya saa nne asubuhi angecheka sana.

Uhuru ulipokuja, magari ya sinema ya serikali yaliendelea kufika kwenye viwanja vya shule na masoko, skrini ikitundikwa giza likiingia. Miaka mingi baadaye vikaja vibanda vya video, na humo ndimo mtazamaji wa kawaida alipoanza kulipiza kisasi kidogo. DJ Afro alichukua filamu za Marekani na Asia, akaweka sauti yake juu, na ghafla jambazi wa Hong Kong akawa anaongea kama mtu wa mtaani kwetu. Watu huchukulia hiyo kama kichekesho tu. Mimi naona historia ndani yake. Picha bado ilikuwa ya wengine, lakini sasa sauti ilikuwa yetu.

Ziwa lenyewe nalo lilipata umaarufu kwa sauti ya mgeni. Mwaka wa 2004 Hubert Sauper, kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu kuhusu biashara ya mbuta kule Mwanza. Ilisifiwa Ulaya na kuteuliwa kuwania Oscar. Tanzania ilizua hasira, na mwaka wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Unaweza kuipenda filamu hiyo au kuichukia, lakini jiulize: mtu aliye mbali akitaka picha nyingine ya watu wanaoishi na kula kutoka ziwa hili, iliyopigwa na wao wenyewe, angeipata wapi?

Hapo ndipo mwanafunzi anapoingia. Kenya ina historia ya wanafunzi wa filamu, ila huwa tunawakumbuka tu wakishakuwa wakubwa. Taasisi ya KIMC ilianzishwa Nairobi 1961, na humo ndimo alimosomea Anne Mungai, ambaye mwaka wa 1992 alitupa Saikati, hadithi ya msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Na Lupita Nyong'o, ambaye familia yake ni ya ng'ambo ya ghuba, Kisumu, alishinda Oscar ya uigizaji 2014. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ametoa In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu watu wanaoishi na ualbino Kenya. Hiyo ilikuwa kazi yake ya chuo. Jiulize ni wangapi wangeitazama mwaka ule kama wangeambiwa tu "ni ya mwanafunzi."

Leo huhitaji kufika Nairobi wala Marekani ili kuanza. Chuo Kikuu cha Rongo, hapa Migori, kinafundisha mawasiliano na uanahabari. Shule za sekondari huingiza filamu kwenye tamasha la kitaifa la drama na filamu. Mimi niliyeacha chuo katikati ninajua pia kwamba wengi hujifunzia kwenye simu, wakihariri usiku stima ikiwepo. Kigingi kikubwa kiko kwingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962, kabla hata bendera ya mkoloni haijateremshwa, na inadai leseni kwa anayepiga filamu ya kuonyeshwa hadharani. Kwa kampuni kubwa hiyo ni karatasi. Kwa kijana wa Ndhiwa asiye na nauli ni ukuta.

Basi filamu kama hizi tuzitazameje? Chukua hadithi ya Nyamgondho, ile ya Gwassi. Mvuvi maskini ananasa mwanamke mzee ziwani, anampeleka nyumbani, boma linajaa ng'ombe. Siku moja anarudi amelewa na kumtukana. Mwanamke anaondoka, na ng'ombe wote wanamfuata mpaka majini. Zamani watoto walisikia hadithi za namna hii kwenye siwindhe, nyumba ya bibi mzee, ambako msikilizaji alikuwa na haki ya kuitikia na kuuliza.

Sasa mpe mwanafunzi hadithi hiyo na simu moja. Hana mia za ng'ombe. Labda ana kengele mbili, mchanga wenye alama za kwato, na uso wa mwanamume anayeangalia maji. Akijua kazi yake, hivyo vitatu vinatosha, kwa sababu masikio yetu yatawaleta ng'ombe waliobaki. Atachanganya Dholuo na Kiswahili bila kuomba radhi, na kule Kehancha mwenzake atafanya hivyo kwa Kikuria. Shangazi atatamka neno ambalo mwandishi wa Nairobi hangelijua. Tukitazama, tuulize kwanza ameona nini ambacho gari la sinema lisingekiona. Ubora wa kamera uje baadaye.

Kuna sababu moja zaidi ya kutochelewa. Kati ya zile filamu 35 za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni tatu tu. Zilikuwa na pesa, ofisi na dola nyuma yake, na bado nyingi zimepotea. Ya mwanafunzi inakaa kwenye flashi moja au simu inayoweza kuanguka ziwani kesho, na ikipotea hakuna hata orodha itakayosema iliwahi kuwepo.

Kwa hiyo ukipata filamu fupi ya kijana wa Mbita, Awendo au Muhuru Bay, itazame mpaka majina ya mwisho yaishe. Mwandikie aliyeitengeneza sentensi mbili za kweli, moja ya sifa na moja ya swali. Mwambie aandike jina lake, mahali na mwaka juu ya filamu, na aweke nakala mahali pawili. Kama unafanya kazi maktaba ya kaunti au ya chuo, fungua sanduku la kuzipokea. Mtafiti wa mwaka 2100 atataka kujua watu wa ziwa walisikika vipi enzi zetu, na itakuwa vizuri akiwasikia wenyewe.