Kinanda katika Njia ya Unyanyembe

Neno kinanda limesafiri mbali kuliko vyombo vingi vinavyoitwa kwa jina hilo. Katika kamusi za karne ya 19 lilikuwa jina la chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi. Wageni walipoleta ala zao, neno likazipokea karibu zote, na hata santuri ikapata kinanda chake. Leo akitajwa mpiga kinanda, iwe katika kanisa la Tabora au katika kikundi cha taarabu Unguja, watu humwona akilini mtu aliye mbele ya vibao vyeupe na vyeusi vinavyotumia umeme. Chombo hicho ndicho sintesaiza. Historia yake ni fupi, lakini mna ndani yake suala lililowagusa wanamuziki wa bara na wa visiwani pia: sauti nyingi zikisikika pamoja, zinatoka kwa nani?

Sintesaiza za mwanzo zilizopata soko zilitoa, aghalabu, sauti moja tu kwa wakati mmoja. Mpigaji akibonyeza vibao vitatu, kilisikika kimoja. Katika miaka ya 1970 mambo yakabadilika. Yamaha ya Japani ilitoa CS-80 yenye sauti nane, na mwaka 1978 Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits, California, akatoa Prophet-5 yenye sauti tano na kompyuta ndogo ya kukumbuka milio aliyoitengeneza mpigaji. Katika vyombo hivi kila sauti ilikuwa na saketi yake, na saketi hizo zilikuwa kama watoto wa tumbo moja: zilifanana bila ya kuwa sawa. Joto likipanda, kila moja ilielekea upande wake. Prophet-5 ikapewa kitufe cha kuzirudisha sauti zake katika ulinganifu. Mafundi waliihesabu tofauti ile kuwa ugonjwa. Masikio yaliipokea kama uhai, kwani sauti tano zilisikika kama watu watano, si mtu mmoja aliyerudiwa mara tano.

CS-80 ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 80. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32; kinanda kimoja kingehitaji wapagazi watatu kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo, hadi Kaze ya Unyanyembe, walikofika Burton na Speke Novemba 1857. Misafara ile haikukosa muziki. Kirangozi alitangulia, ngoma ikalia, akaanzisha wimbo, na safu ndefu ya watu ikaitikia nyuma yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikahama mabegani. Kizuizi cha kinanda kikawa bei. Prophet-5 iliuzwa kwa dola zipatazo 4,000, na mwaka ule ule wa 1978 Tanzania iliingia vitani na Idi Amin, fedha za kigeni zikawa adimu hata kwa dawa na vipuri.

Tabora ilikuwa na njia yake ya kupata sauti nyingi. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitoka katika mji huo. Na Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, ilibeba jina la magharibi hadi pwani. Katika bendi za namna hii hakuna gitaa linalobeba wimbo peke yake. Solo hutangulia, rithimu hujaza nafasi iliyoachwa, besi hufunga, na panapo saksafoni au tarumbeta, nazo hujibu. Anayesikiliza “Dada Asha” ya Tabora Jazz, bendi aliyoipigia Shem Karenga, husikia watu wanaosubiriana. Vyombo mara nyingi vilikuwa mali ya mwenye bendi, si ya wapigaji, na spika zikifa bila ya vipuri, ustadi wa vidole haukusaidia kitu.

Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, yenye sauti 16 kwa karibu nusu ya bei ya Prophet. Hiki kilikuwa chombo cha dijitali: sauti zake zilipatikana kwa hesabu, na hesabu haijui joto la Oktoba. Vinanda vya bei nafuu vilivyofuata vilikuja na ngoma zao ndani, kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuisindikiza kwaya nzima. Katika taarabu ya miaka ya 1990, vikundi kama East African Melody vilionyesha kuwa kinanda kinaweza kushika nafasi ya fidla, kanuni na akodiani. Si haki kukilaumu chombo. Kwaya isiyoweza kununua hata fidla moja ilipata usindikizaji. Ila hesabu ya mikono ilipungua, na kila mkono uliopungua ulikuwa na familia.

Sequential ilikufa mwaka 1987. Smith alirudi baadaye, akarejeshewa jina hilo mwaka 2015 akitoa Prophet-6, na mwaka 2020 Prophet-5 yenyewe ikatengenezwa upya. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Korg ilikuwa imetoa Minilogue ya sauti nne kwa dola 500 hivi. Vyombo hivi vipya ni vya analogi kama babu zao, lakini ni vyepesi, na kompyuta ya ndani huzichunga sauti zisipotee. Kwa matumizi, vinavishinda vya zamani pasi na shaka: kinanda cha 1978 humtaka fundi wake kila mara. Ajabu ni kwamba Prophet-5 mpya imewekewa kitufe cha kuzungusha, kilichoandikwa “Vintage”, cha kuzidisha tofauti baina ya sauti. Mgonjwa ameponywa, kisha anauziwa homa kwa kipimo.

Wagogo, ambao misafara ilipita katika nchi yao, wameujua utamu huo muda mrefu. Ilimba kubwa ya Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ilikuwa na vyuma zaidi ya 60. Baadhi ya vyuma vya ilimba kubwa haviguswi kabisa. Hutetemeka tu jirani zao wanapopigwa. Katika kisanduku hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando wa buibui ili mlio uwe na mkwaruzo. Utando ukichanika, ilimba hulia safi mno, na mpigaji hutafuta mwingine.