Vijana wa Majuma Matatu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Yapasa kila mzazi wa Nyamirambo aijue habari hii, na kila kijana aisome. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 hayakufanywa na askari wa kazi peke yao. Sehemu kubwa ya uovu ule ilitendwa na vijana waliofundishwa silaha kwa siku chache.

Vita vilipozuka tarehe 1 Oktoba 1990, jeshi la serikali lilikuwa na askari wapatao 5,000. Kabla ya mwaka 1994 lilikuwa limekwisha kupita 30,000. Vijana wasio na kazi wala shamba waliandikwa kwa haraka, wakafundishwa kwa haraka, wakapewa bunduki na mshahara. Kisha mapatano ya Arusha ya tarehe 4 Agosti 1993 yakaamuru majeshi ya pande mbili yaunganishwe, wabaki askari 13,000 na wanajandarma 6,000 tu. Maelfu wakaona kwamba wataachishwa. Mtu aliyeandikwa jana kwa ajili ya mshahara huiona amani kuwa ndiyo adui wa riziki yake.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Chama kilichotawala, MRND, kiliwakusanya vijana wake walioitwa Interahamwe, wakapelekwa kufundishwa katika kambi za jeshi. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, aliwapelekea wakubwa wake New York simu ya maandishi, yenye maneno ya mmoja wa wakufunzi wa vijana hao. Alisema kwamba 1,700 wamekwisha kufundishwa na kutawanywa mjini Kigali, makundi ya watu arobaini arobaini. Na kwamba tangu majeshi hayo ya kigeni yafike, yeye amefundisha 300 kwa zamu za majuma matatu. Dallaire alitaka kuzikamata silaha zao, akakatazwa.

Majuma matatu hayatoshi kumfanya mtu askari mwenye adabu ya vita. Lakini yatosha kumtoa kijana mikononi mwa wazazi wake, kumzoesha kutii bila kuuliza, na kumwonyesha jirani kuwa ni adui. Kuanzia tarehe 7 Aprili vijana hao walisimama kwenye vizuizi vya barabarani wakidai vitambulisho, na kwa muda wa siku 100 nafsi zaidi ya milioni moja ziliangamia.

Nyamirambo na Biryogo nako damu ilimwagika. Walakini nyumba nyingi za Waislamu ziliwaficha waliowindwa, awe Mwislamu au asiwe. Haisemwi kwamba hapana Mwislamu aliyeshiriki. Wako, na kuficha hilo ni uongo mbele ya Mungu. Lakini wengi walilikataa panga, kwa kuwa kabla mwandikishaji hajawafikia walikuwa wamekwisha kufundishwa na wengine: mzazi, mwalimu wa chuo, imamu, na jirani waliyekula naye sinia moja. Mafunzo hayo hayakuwa ya majuma matatu, bali ya miaka.

Na wale waliolishika panga walipata nini? Magereza yalijaa watu zaidi ya 100,000. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zilihukumu kesi karibu milioni mbili. Wengine walikimbilia Kongo, wakazeekea msituni. Walioahidiwa pombe, fedha na mali ya waliouawa hawakuambiwa kwamba wataingia gerezani vijana na kutoka wana mvi.

Basi, enyi wazazi, mwandikishaji wa uovu humtafuta kwanza kijana asiye na kazi, asiye na mwalimu, na asiye na mzee wa kumwuliza jioni alikuwa wapi. Asiachwe hata mmoja katika hali hiyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, na awahifadhi vijana wa mji huu. Amin.