Kilomita 50 kati ya Kisongo na KIA

Mkazi wa Terrat, kata iliyo kusini mwa jiji la Arusha, anaishi kati ya viwanja viwili vya ndege. Upande wa magharibi upo wa Kisongo, ambao rasmi ni Uwanja wa Ndege wa Arusha. Mashariki, njia ya kwenda Moshi, upo Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao watu wamezoea kuuita KIA. Angani, kutoka mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 50, na ndege ndogo huzimaliza kwa robo saa hivi.

Kwa nini mji mmoja uwe na viwanja viwili vilivyoachana hivyo? Reli ilifika Arusha mwaka 1929, na kwa miaka mingi mji ukabaki mdogo. Mambo yalibadilika mwaka 1967, ulipofanywa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati huo huo ndege za jeti zilikuwa zikileta watalii kutoka Ulaya, na Kisongo haukuweza kuzipokea. Uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege nzito huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, ilhali njia yake ya kurukia ilikuwa fupi.

Basi kikatafutwa kiwanja cha chini zaidi, kwenye tambarare kati ya Arusha na Moshi. KIA ulifunguliwa mwaka 1971 kwa mkopo wa Italia, ukiwa na njia ya mita 3,600 kwenye mwinuko wa mita 890 hivi. Kiufundi, uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Gharama yake aliilipa msafiri, aliyebaki na safari nyingine ya gari baada ya kushuka kwenye ndege.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Watalii waliozoea kushukia Nairobi na kuingia kwa gari kupitia Namanga wakakosa njia hiyo. Umuhimu wa KIA ukaonekana wazi.

Lakini ujirani wa viwanja hivi uliwahi kuleta mkanganyiko. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda KIA ilitua Kisongo kimakosa. Njia za viwanja vyote viwili zimelala mashariki–magharibi, lakini ya Kisongo wakati huo ilikuwa na mita 1,620 tu, chini ya nusu ya ile iliyokusudiwa. Ndege ilikwama kwenye majani mwishoni mwa njia. Hakuna aliyeumia, jambo la kushukuru sana, na siku chache baadaye iliruka tena baada ya kupunguzwa uzito. Baadaye njia ya Kisongo iliongezwa urefu.

Leo kila uwanja una kazi yake. KIA hupokea ndege kubwa za nje. Kisongo ndiko wanakopandia wanaokwenda Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kilomita 225 hivi, takriban saa moja angani badala ya kutwa nzima barabarani. Wengi hushuka KIA na kupandia Kisongo, na zamani walilazimika kupita katikati ya mji, kwenye foleni. Barabara ya mchepuo ya kilomita 42 inayozunguka kusini mwa jiji, upande wa Terrat, imewapa njia ya kuukwepa msongamano huo.