Watakatifu Wadogo wa Marseille

Katika nyumba nyingi za Provence, kusini mwa Ufaransa, pango la Krismasi halina Yesu, Maria na Yosefu peke yao. Karibu na hori wamo pia muuza samaki, mnoa visu, mwoka mikate na mtu aliyeinua mikono yote miwili kwa furaha. Ni wanasesere wa udongo. Wengine ni wadogo kuliko kidole gumba; wengine wamevishwa nguo za kitambaa. Huitwa santons, yaani watakatifu wadogo. Familia huongeza mmoja au wawili kila mwaka, sikukuu zikiisha huwafunga kwenye karatasi, na wazee huwarithisha watoto.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na swali langu ni moja: majirani hawa waliingiaje Bethlehemu?

Jibu linalosimuliwa sana ni la imani iliyokataa kufa. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kuanzia mwaka 1793, makanisa yalifungwa, na watu wakatengeneza mapango yao majumbani. Ni kweli, ila jibu hilo linasahau bei. Matajiri walikuwa na mapango nyumbani hata kabla ya Mapinduzi. Aliyewafikia watu wa kawaida ni Jean-Louis Lagnel (1764–1822), fundi wa Marseille aliyekandamiza udongo ndani ya kalibu za jasi. Kalibu moja ilitoa sanamu nyingi, zikauzwa kwa bei nafuu. Sura alizitoa kwa watu wa mtaani kwake. Soko la santons la Marseille lilianza mwaka 1803, na hapo mvuvi aliweza kununua mvuvi mwenzake na kumpeleka kwa Mtoto Yesu.

Hilo kwangu ni tukio kubwa. Nyaraka za serikali za zama zile huwataja maskini hasa wanapodaiwa kodi au kushtakiwa. Kwenye pango wamo kwa kazi zao, na kila mmoja ameshika zawadi.

Lakini kalibu hurudia kilekile. Karne ya 19 Marseille ilibadilika: bandari mpya ya La Joliette ilifunguliwa mwaka 1853, viwanda vikaongezeka, na maelfu ya Waitalia wakaja kutafuta kazi. Kijiji cha udongo kilibaki na mnoa visu wake. Juni 1881 umati uliwashambulia Waitalia mjini humo kwa siku kadhaa. Watu watatu waliuawa. Ajabu ni kwamba pango lenyewe hutajwa kuwa na asili Italia, kwenye mji mdogo wa Greccio, ambako Fransisko wa Asizi aliandaa hori la Krismasi mwaka 1223.

Sisemi wanasesere ndio waliosababisha ghasia. Nasema pambo la nyumbani nalo hueleza nani ni mwenzetu, na husema hivyo kwa upole kiasi kwamba hakuna anayelipinga. Wengi huwapenda santons kwa sababu ni wa zamani. Mimi nampenda Lagnel kwa sababu ya kinyume chake: aliwafinyanga watu wa siku zake, waliokuwa wakipita mbele ya mlango wake. Leo mtu akitaka kuufuata mfano wake, itambidi aanze kwa kuchungulia nje, kisha ndipo aandae udongo.