Kumtafuta Babu Katika Hati za Mauzo

Mmarekani Mweusi anayefuatilia nasaba yake mara nyingi hugonga mwamba anapofika mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860, mtumwa aliorodheshwa chini ya jina la bwana wake: umri, jinsia, rangi, basi. Anayetaka kurudi nyuma zaidi hana budi kuacha madaftari ya watu na kufungua ya mali: wosia, rehani, hati za mauzo.

Mwanahistoria Juliet E. K. Walker aliipita njia hiyo. Kitabu chake, Free Frank, kilichotoka mwaka 1983, kinamfuata Frank McWorter, ambaye Walker ni kilembwe wake. Frank alizaliwa utumwani South Carolina mwaka 1777, akahamishiwa Kentucky akiwa kijana. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo tusitafute shajara yake. Tunachonacho ni nyaraka za mahakama na hati ambazo familia ilizitunza.

Hati hizo zinasema kwamba Frank aliruhusiwa kufanya vibarua kwa muda wake, na wakati wa vita vya 1812 akawa anazalisha chumvichumvi ya kutengenezea baruti. Mwaka 1817 alilipa dola 800. Hakujinunua yeye, alimnunua mkewe, Lucy. Uhuru wake mwenyewe aliununua miaka miwili baadaye, kwa bei ileile.

Kwa nini mke kwanza? Msomaji wa haraka atajibu: mapenzi. Huenda ni kweli, lakini risiti haizungumzi mapenzi. Jibu jingine limo katika sheria. Mtoto alirithi hali ya mama yake, si ya baba. Lucy alikuwa mjamzito; mtoto aliyezaliwa mwaka huohuo, Squire, alizaliwa huru. Frank angejinunua kwanza, angekuwa mwanamume huru mwenye mwana mtumwa. Nasoma uzamili wa historia, na mfano huu ndio ulionifundisha kwamba tarehe mbili zikiwekwa kando ya sheria ya wakati wake, zinaweza kueleza fikra za mtu ambaye hakuacha hata sentensi moja.

Mwaka 1829 aliitoa biashara yake ya chumvichumvi ili kumkomboa mwanawe, Frank mdogo, aliyekuwa ametorokea Kanada. Kisha familia ikahamia Illinois, kaunti ya Pike. Illinois ilijiita jimbo huru, lakini ilimtaka Mweusi aliyehamia humo aweke dhamana ya dola 1,000, na ilimkataza kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Mwaka 1836 Frank alipima viwanja na kusajili mji, New Philadelphia; ndio mji wa kwanza Marekani unaojulikana kusajiliwa na Mwamerika Mweusi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likampa kisheria jina la McWorter, pamoja na haki ya kushtaki na kushtakiwa. Viwanja vilinunuliwa na Weusi kwa wazungu. Fedha zilirudi Kentucky, kununua waliobaki.

Reli ilipoupita mji pembeni mwaka 1869, New Philadelphia ikaanza kufifia. Leo ni uwanda wa majani, na tangu Desemba 2022 ni eneo la kihistoria la taifa.

Kuna ugumu hapa ambao sitaki kuufunika. Wengi wa waliokuwa utumwani kama Frank hawakuwa na mtu wa kuwanunua, wala kilembwe wa kuwaandikia kitabu. Tunamjua yeye kwa sababu alilipa, na malipo huacha karatasi. Alifariki mwaka 1854, jamaa zake wengine wakiwa bado utumwani. Wosia wake uliagiza wanunuliwe, na warithi wake wakatekeleza.