Urusi 1994: walimchagua kuwa mbunge mtu aliyekula pesa zao



Wazee wengi bado wanakumbuka Bindo, mchezo wa pesa uliowaliza watu Kinshasa mwaka 1991, wakati wa Zaire. Miaka mitatu baadaye nchi ya Urusi nayo ililia kilio kama hicho. Lakini kule kulitokea jambo la kushangaza zaidi: wengi waliopoteza pesa waliendelea kumtetea yule aliyezikula. Tufuate historia hiyo, maana inatuhusu.

Muungano wa Kisovieti ulivunjika Desemba 1991. Mwezi uliofuata serikali ya Urusi iliacha bei zijipange zenyewe, na mwaka huo wa 1992 bei zilipanda zaidi ya mara 20. Akiba ambayo mzee aliweka benki miaka 30 iliyeyuka. Watu walitafuta mahali pa kuficha kidogo kilichobaki.

Februari 1994 kampuni moja ya Moscow, MMM, ya bwana Sergei Mavrodi, ilianza kuuza hisa zake kwa watu wote. Hisa ni kipande cha kampuni: ukiinunua, unakuwa mmoja wa wenyewe. Ilianza kwa bei ndogo, karibu rubo 1,000. Baadaye, kwa wasioweza kununua hisa nzima, zilitolewa tiketi zenye thamani ya sehemu moja ya mia ya hisa. Zilifanana na noti za benki, na juu yake palikuwa na sura ya Mavrodi. Kwenye televisheni kila siku alionekana Lyonya Golubkov, mfanyakazi wa kubuniwa, ambaye kwa faida ya MMM alimnunulia mke wake viatu vya baridi. Kila familia maskini ilijiona mle.

Dalili za uongo hazikufichwa. Bei ya hisa haikutoka sokoni, kwa wauzaji na wanunuzi kupatana. Mavrodi mwenyewe ndiye aliyeitangaza, na kila mara ilipanda. Hakuna kiwanda wala mgodi uliojulikana wa kuzaa faida kubwa namna ile. Wa zamani walilipwa kwa pesa za wapya, basi.

Julai 1994 serikali ilianza kuonya, na watu wakakimbilia kutoa pesa zao. Tarehe 29 Julai Mavrodi aliishusha bei kutoka zaidi ya rubo 100,000 hadi karibu 1,000. Kwa siku moja, mali ya mamilioni ya watu iligeuka karatasi. Tarehe 4 Agosti polisi walimkamata kwa mambo ya kodi.

Hapo ndipo penye somo. Watu waliandamana wakidai aachiliwe. Oktoba 30 mwaka uleule walimchagua kuwa mbunge, na ubunge ulimpa kinga.

Je, walikuwa wajinga? Hapana. Kwanza, serikali ilikuwa imekwisha kuwapotezea akiba zao, kwa hiyo iliposema Mavrodi ni mwizi, nani angeiamini? Yeye alijua hilo, akasema serikali ndiyo iliyoua kampuni. Pili, kukubali kwamba ni uongo ilikuwa kukubali kwamba pesa zimekwenda kabisa. Kumtetea Mavrodi kulikuwa kutetea tumaini la kulipwa. Tatu, jirani alikuwa amelipwa kweli pale mwanzo, na watu walimwona kwa macho yao.

Tumaini hilo halikuwalipa. MMM ilitangazwa kufilisika mwaka 1997. Mavrodi alijificha hadi 2003, na mwaka 2007 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka minne na nusu kwa utapeli. Alipotoka alianza tena mwaka 2011, kwa jina lilelile, na mchezo ukafika Afrika. Nijeria, Desemba 2016, MMM ilifunga malipo, na watu wengi walibaki mikono mitupu. Mavrodi alikufa Machi 2018.

Wandugu, likelemba yetu na AVEC zetu ni kitu kingine: mnajuana, na sanduku linahesabiwa mbele ya wote. Lakini akija mtu kambini au kwenye simu na kampuni yenye faida ya ajabu, tuulize: nani anapanga bei? Faida inatoka kwa kazi gani? Naweza kutoa pesa zangu leo bila kuleta mtu mpya?

Na kama ndugu yako amekwisha kuingia, usimcheke. Aibu ndiyo inayomfanya mtu akae kimya na kuongeza pesa juu ya zile zilizopotea. Kaa naye, hesabuni pamoja, umsaidie atoke na kile kilichobaki.