Chora, Chorachora

Mpwa wangu wa darasa la nne, pale Kidahwe, alikuwa anachora mchikichi ulio nyuma ya nyumba. Penseli ameishika karibu kabisa na ncha, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, na anakandamiza kweli kweli. Alipofika kwenye makuti karatasi ikatoboka.

"Mjomba, penseli hii mbovu."

Penseli ilikuwa nzima, imechongwa kwa wembe asubuhi ile ile. Mimi nililaumu kitenzi. Kwa mafundi wa milango ya Unguja na Lamu, kuchora ni kazi ya patasi: nakshi inachorwa ubaoni, na kilichokatwa hakirudi. Neno likahamia kwenye karatasi bila kuiacha patasi nyumbani. Mwambie mwanagenzi "chora" uone mkono wake unavyokaza, kana kwamba mstari wa kwanza ndio wa mwisho.

Na jina la kifaa halisaidii. Wazee walisema kalamu ya risasi, tafsiri ya Kiarabu iliyonyooka, na ukiwa na risasi mkononi utaachaje kulenga? Ndani hamna risasi hata chembe. Mna kinywe, madini yale yale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa, ambayo siku hizi magazeti huyataja kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kilipochimbwa Borrowdale, Uingereza, katika karne ya 16, watu walidhani ni aina ya risasi. Mkemia Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha mwaka 1779 kwamba ni kaboni, jina lilikuwa limeshakomaa. Ningependa tuseme "kalamu ya kinywe", ila najua nikiiomba hivyo dukani Kidahwe nitaulizwa kama nimekuja kununua dawa. Penseli imeshinda, basi.

Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi, akauoka. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake hafifu; kinywe kikizidi, inakuwa laini na mstari unakolea. Ndiyo maana ya zile herufi ubavuni: H ya ugumu, B ya weusi, na HB ya shuleni imekaa katikati. Mwenye 4B ana raha yake. Mwenye HB peke yake aurudishe mkono nyuma, mbali na ncha, ailaze penseli na kupaka kwa ubavu.

Sasa lile zoezi la kwanza la mchoraji, mistari myepesi ya kutafuta umbo, tuliite nini? Wapo wasemao "mchoro wa awali", ambao unanuka ofisi ya ardhi. Wengine husema "rasimu". Hili lina kichekesho chake: kwa Waarabu rasm ni mchoro hasa, lakini lilipovuka bahari likaajiriwa ukarani, na leo ukisema rasimu watu wanafikiria Katiba.

Neno tunalo, tena tumelifanya kosa la kuchapiwa fimbo: chorachora. "Usichorechore daftari!" Nani hakuambiwa? Lakini sikiliza uradidi unavyokipunguzia kitenzi uzito. Anayetembeatembea hana miadi. Anayeonjaonja hajashika sahani. Anayechorachora anapitisha mstari, anapitisha mwingine kando yake, wa tatu, bila kufuta, mpaka mmoja ukae sawa. Huo ndio wa kukoza.

Nikamwambia achorechore. Akaniangalia kama mtu anayetegwa.

Safari hii aliutazama mti. Shina ambalo mwanzo lilikuwa mistari miwili kama bomba likaanza kuota vigutu vya makuti yaliyokatwa, vikizunguka kwenda juu. Upande wa magharibi, lilikokuwa jua, vigutu vilikuwa vyeupe; upande wa pili giza.

"Hapa natia kivuli?"

Hapo nikasita, maana wachoraji wana mambo mawili na sisi tuna maneno mawili ambayo hatujayagawa. Kuna giza lililo juu ya kitu chenyewe, upande usiopata jua, na kuna lile umbo jeusi ambalo kitu huitupia ardhi. Tuna uvuli na kivuli. Wengi huyachanganya, ingawa tukiitana tupumzike chini ya mti bado tunasema twende uvulini. Mimi ningeyagawa hivi: uvuli ubaki shinani, kivuli kilale chini. Wenye mamlaka ya istilahi watanisamehe. Sina kikao, nina kigoda tu.

Akapaka uvuli kwa ubavu wa penseli, taratibu, vigutu vikatokeza. Kisha akashuka kwenye ardhi kutafuta kivuli alichokichorachora nusu saa nyuma.

"Mjomba, kimehama."

Kilikuwa kimefika mlango wa jikoni.